Nani Atawaambia Watoto? Nywele za Mama, Tiba ya Saratani na Ukimya wa Nyumbani

Wahenga wetu walinena: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na kila mara maana tuliyopewa ni moja: yaliyompata jirani yaweza kukupata nawe, basi jiandae. Katika semina za fasihi simulizi huwa tunaipita haraka kwa kuwa yaonekana haina utata. Nami niliipita mara nyingi, hadi mwaka 2023 nilipoketi mkekani nyumbani kwetu Hola, Kaunti ya Tana River, nikimtazama mpwa wangu wa miaka 9 akiokota nywele za mamake sakafuni, unywele baada ya unywele, kama mtu aokotaye mchele uliomwagika. Hapo ndipo nilipotambua kwamba methali yetu inamzungumzia mwenzake anayenyolewa. Mtoto wa anayenyolewa haimtaji.

Azma yangu katika makala haya si kutoa ushauri wa kitabibu, kwani mimi si tabibu. Nataka kutetea rai moja tu: mzazi anayetarajia kupoteza nywele kwa sababu ya tiba ya saratani hana budi kuwaambia watoto wake mapema, kabla unywele wa kwanza haujaanguka, na awaambie kwa maneno yasiyofichaficha. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nilitenda kinyume. Niliombwa nitafute maneno nikayakosa, licha ya shahada ya uzamili ninayoisomea.

Dada yangu mkubwa ana watoto watatu. Wakati huo kifungua mimba, mvulana, alikuwa na miaka 12; binti, miaka 9; na kitinda mimba, mvulana pia, miaka 4. Dada alipogunduliwa kuwa na saratani ya matiti alianza kupokea tiba ya kemikali katika hospitali moja mjini Mombasa. Kutoka Hola hadi Mombasa, kwa kupitia Garsen na Malindi, ni takriban kilomita 300. Zamani wagonjwa wengi wa kwetu walilazimika kufika Nairobi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Siku hizi tiba hiyo yapatikana Mombasa na hata Garissa, na hiyo ni neema isiyokanika. Hata hivyo, kilomita 300 ndani ya basi, tumbo likichafuka, ni mwendo mrefu. Mwishoni mwa mwaka huo mvua za El Niño zilifurisha Mto Tana na kukata barabara sehemu kadhaa za kaunti, ikawa kila safari yahitaji kupangwa siku mbili kabla. Hospitalini alielezwa mengi: kichefuchefu, uchovu, homa ambayo isipuuzwe hata usiku wa manane. Alielezwa pia kwamba nywele zitaanguka. Hakuna aliyemuuliza kama ana watoto.

Swali hilo lingestahili kuulizwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 42,000, na kwamba zaidi ya watu 27,000 walifariki kwa maradhi hayo mwaka huo huo. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi. Si wachache miongoni mwao ambao jioni wanasubiriwa nyumbani na watoto wa shule.

Kwa nini nywele huanguka? Ni vyema tulijibu kwa kifupi, maana jibu lenyewe ndilo nusu ya maneno ambayo mtoto anayahitaji. Dawa za tiba ya kemikali huziandama seli zinazozaana upesi, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya seli za saratani. Lakini haziwezi kubagua vyema. Seli za shina la unywele nazo huzaana upesi, basi nazo huangamia, pamoja na zile za utando wa kinywa na tumbo. Aghalabu nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Kwa anayetibiwa kila baada ya siku 21, huo ni wakati wa kukaribia dozi ya pili. Si dawa zote zifanyazo hivyo, na baadhi hupunguza tu. Nyingine huchukua hata nyusi na kope. Kwa hiyo kinachochukua nywele ni dawa, wala si ugonjwa. Mtu mzima akiambiwa hili huitikia kwa kichwa na kusahau. Mtoto asipoambiwa, huamini kwamba kila unywele unaoanguka ni kipande cha mama kinacholiwa na maradhi.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Watu wengi, nikiwamo mimi wakati huo, hudhani kwamba suala la nywele ni zito zaidi kwa wanawake wasiojifunika. Nilisikia ikisemwa kwa nia njema kabisa: “Alhamdulillahi, sisi tunavaa mitandio, nani atajua?” Ni kweli kwamba Hola mjini, sokoni, kwenye kituo cha matatu, hata arusini kwa upande wa wanaume, hakuna aliyejua. Lakini mwanamke anayejifunika hujifunua wapi? Nyumbani. Wanaozijua nywele zake ni mumewe, watoto wake, dada zake na mashoga zake wachache. Kwa hiyo mtandio ulioficha upara kwa mji mzima haukuwa na kazi yoyote mbele ya watoto watatu wanaolala chumba kimoja na mama yao, wanaoona foronya asubuhi na chanuo jioni. Mshtuko wote uliwaangukia wao peke yao. Kisha, baada ya kuuona, wakaambiwa: “Msimwambie mtu.”

Hebu tutafakari uzito wa amri hiyo. Mahali ambapo mgonjwa hutembea barabarani kichwa wazi, mtoto angalau huona kwamba na wengine wanaona. Hofu yake ina wenzi. Kwetu mtoto huona peke yake na hukabidhiwa siri asiyoielewa. Mvulana wa miaka 12 ndiye aliyeilinda vyema kuliko wote. Aliacha kwenda kucheza mpira jioni, akasema mguu unamuuma. Miezi miwili baadaye ndipo alipokiri kwamba mguu haukuwa na neno, alihofia kuulizwa, “Mamako yuaugua nini?” akose la kujibu, au alie.

Na sisi wakubwa tulikuwa tukisema nini? Nakiri kwa aibu. Wagonjwa wengi nchini Kenya huita tiba hiyo “kimo”, kwa kukatiza neno la Kiingereza, na sisi tulilidaka hivyo hivyo. Siku ya safari ya kwanza kitinda mimba aliniuliza mamake anakwenda wapi. Nikamjibu, “Anakwenda kimo, Mombasa.” Nilidhani nimejibu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Mjomba, akirudi atakuwa mrefu?” Tulicheka sana siku hiyo. Sina hakika kwamba tulistahili kucheka. Mtoto alikuwa amelitumia neno kwa maana yake halali ya Kiswahili, nasi ndio tuliompa neno tupu. Mama alirudi akiwa na kimo kile kile, amenyong'onyea, na mkojo wake wa kwanza baada ya dawa ulikuwa na wekundu. Dokisorubisini, mojawapo ya dawa zitumikazo sana kwa saratani ya matiti, ina rangi nyekundu, na rangi hiyo huweza kuonekana katika mkojo kwa siku moja au mbili bila kuwa damu. Mtoto aliyeuona chooni alidhani ni damu. Yeye aliuona; sisi hatukumwambia.

Binti naye alikuwa na hesabu zake. Pwani yetu watu wengi hawaachi nywele zitapakae ovyo, wakihofia mtu mwenye nia mbaya asizipate. Yule binti alizikusanya nywele za mamake siku kadhaa, akazifunga katika kipande cha leso, akazifukia nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Nilipomuuliza baadaye alinieleza waziwazi: alikuwa amekwisha kuamua kwamba mama amerogwa, na aliyemroga ni jirani yetu, mama mmoja mtaratibu ambaye kosa lake lilikuwa kwamba ndiye aliyemsuka dada mara ya mwisho kabla ya nywele kuanza kutoka. Kwa majuma matatu alikuwa akipita mlangoni kwa mama huyo bila kumwamkia. Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Ukimya wetu haukumwacha mtoto bila maelezo. Ulimwacha ajitafutie, naye akapata maelezo yaliyokuwa karibu, yenye mkosaji, yenye jina. Familia ngapi zimekosana na majirani kwa hesabu kama hiyo, iliyopigwa na watu wazima?

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya nywele. Tunazo za singa na za kipilipili. Tuna denge na panja, mabutu na ukili. Tuna hata msuko wa haraka uitwao “twende kilioni”, kwa kuwa mwanamke aliyepata habari ya msiba hana wakati wa kukaa mkekani nusu siku. Kitenzi chetu ni sahihi mno: kunyoa ni tendo la mtu, kunyonyoka ni jambo linalotokea lenyewe, na kupukutika ni la majani yanayoanguka kwa msimu. Utamaduni nao umeupa unyoaji mahali pake. Mtoto mchanga wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba, na wazazi hutoa sadaka kwa uzani wa nywele zake kwa fedha. Anayekamilisha Hija au Umra hunyoa au kupunguza. Katika jamii kadhaa za Kenya kunyoa ni sehemu ya matanga. Kila mahali hapo mtoto humwona mtu asiye na nywele na hujua la kusema: pongezi, hongera au pole. Upara wa tiba hauna siku wala maamkizi, na mtoto hutumia maana iliyo karibu. Ukimwona mama kanyolewa na hukuambiwa kuna sherehe, basi labda kuna matanga.

Nije kwenye pingamizi. La kwanza nilipewa na mama yetu mzazi, ambaye hekima yake siidharau hata kidogo. Alisema, “Mwanangu, maneno huumba.” Kulitaja jambo ni kuliita. Ndiyo maana wazee wengi husema “ule ugonjwa” au “yale maradhi” na kuliepa jina. Naiheshimu imani hiyo kwa kuwa imejengwa juu ya adabu: hatupigi kelele mlangoni pa msiba. Lakini jina saratani lenyewe ni fumbo la zamani. Kwa Kiarabu ni kaa yule wa pwani, kama yalivyo majina ya Kigiriki na Kilatini ambayo lugha za Ulaya ziliyarithi. Walioipa jina hilo hawakuumba ugonjwa. Walitafuta namna ya kuuonyesha kwa kidole. Fauka ya hayo, wazee hao hao wametuachia methali nyingine, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi wahenga hawako upande mmoja katika shauri hili.

Pingamizi la pili ni kwamba watoto ni wadogo, waachwe na utoto wao. Lingekuwa na nguvu lau watoto hawangeona. Hola, msomaji akumbuke, ni mji ulioingia katika historia kwa maelezo yaliyofunika kifo: tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Sifananishi uovu ule na huruma ya bibi kwa wajukuu wake, itakuwa dhuluma. Nasema tu kwamba maelezo ya namna hiyo hayadumu pale penye mashahidi, na ndani ya nyumba mtoto ni shahidi wa saa zote.

Pingamizi la tatu halisemwi waziwazi, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: fedheha. Wale tuliozaliwa miaka ya 1990 tulikua tukisikia watu wazima wakimsoma mgonjwa kwa macho. Nywele zikiwa laini na chache, mwili ukikonda, hukumu ilikwisha kutolewa kabla ya kipimo chochote: ni UKIMWI. Desturi hiyo ya kupima kwa macho haijatoweka. Dada yangu hakuhofia upara wenyewe kiasi cha kuhofia jinsi utakavyosomwa. Katika ngazi ya taifa mambo yamebadilika. Mwezi Julai 2019 Kenya iliwapoteza kwa mfululizo Bob Collymore aliyekuwa mkuu wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso gavana wa Bomet, wote wakiwa wameuawa na saratani. Collymore na Okoth walikuwa wameizungumza hadharani kabla ya kufa. Tangu hapo redio zetu hazioni haya kulitaja neno. Lakini linatajwa redioni, kisha redio huzimwa mtoto anapoingia.

Basi tulifanya nini hatimaye? Sitaki msomaji adhani kwamba nilikuja na busara kutoka maktaba ya chuo. Ni dada mwenyewe aliyechoka. Jioni moja, siku chache kabla ya dozi ya pili, aliwaita watoto wote watatu, akavua mtandio, akasema: “Nina ugonjwa unaoitwa saratani. Uko kwenye titi. Dawa ninayopewa ni kali, inaupiga ugonjwa na inazipiga nywele pia. Nywele zitaisha zote. Hamkunifanyia kitu, hakuna aliyenifanyia kitu, na hauambukizi.” Ndivyo alivyosema, karibu neno kwa neno. Nilikuwepo, nami msomi wa lugha sikuwa na la kuongeza. Binti aliuliza kama na zake zitatoka, kwa kuwa asubuhi ile zilibaki chache kwenye kitana. Alikuwa amekaa na hofu hiyo siku ngapi? Mvulana mkubwa aliuliza swali moja tu: je, anaruhusiwa kumwambia mwalimu wake? Akaruhusiwa. Nilimwona akishusha pumzi.

Ijumaa iliyofuata dada aliamua kunyoa zilizobaki badala ya kuzingoja. Binti alizichana kwanza, polepole, akazisuka mafungu mawili ya kulegea, na msuko ukamjia mkononi. Mvulana mkubwa ndiye aliyenyoa. Waswahili husema mtoto akililia wembe mpe, na kwa kawaida tunaisema kwa kejeli, kwamba akikatwa atajifunza. Hapa haikufaa kwa neno wala kwa kitendo. Tiba ya kemikali hupunguza seli nyeupe za damu, na mara nyingine chembe zinazogandisha damu. Mchubuko mdogo wa wembe unaweza kuleta maambukizi ya hatari. Tuliazima mashine ya umeme kwa kinyozi, tukaisafisha kwa spiriti, tukaacha nywele za urefu wa punje ya mchele. Kitinda mimba alipewa kazi ya kushika kioo. Alikishika upande wa nyuma muda wote, akijitazama mwenyewe.

Sidai kwamba siku hiyo ilikuwa ya furaha. Dada alilia, na binti akalia kwa kumwona mamake akilia. Ninachodai ni kwamba ilikuwa na watu, na mahali, na saa, na chai baadaye. Jirani yule aliyeshukiwa uchawi alikuja na mahamri, tulimwita makusudi. Binti alimwamkia. Upara ulipewa siku yake, kama mtoto mchanga anavyopewa ya saba.

Yapo mambo madogo niliyoyaokota njiani ambayo huenda yakamfaa mtu. Wigi tuliyoletewa na jamaa wa Nairobi haikuvaliwa zaidi ya mara mbili. Joto la Hola hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na kichwa kisicho na nywele huwasha. Leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi ikalainika, ilishinda vitambaa vyote vya dukani. Nyusi zilipotoka, wanja ulisaidia. Kwa baba mgonjwa huenda watu wakadhani jambo ni jepesi, kwa kuwa wanaume hunyoa kipara kwa hiari. Lakini mtoto atauona uso usio na ndevu wala kope, na atahitaji maneno yale yale.

Kuna tahadhari moja ambayo sikuiona mapema. Katika hamu ya kuwafariji watoto, sote tulikimbilia kusema, “Zitaota tena.” Ni kweli kwa kawaida: mara nyingi nywele huanza kurudi mwezi mmoja hadi mitatu baada ya dozi ya mwisho, na huweza kurudi zikiwa na mkunjo au rangi tofauti na ile ya awali. Nilimpa kitinda mimba mfano wa mbuyu, ambao hupukutisha majani yake kiangazi ukabaki mifupa mitupu, kisha mvua zikinyesha huvaa upya. Aliupenda. Lakini watoto hujumlisha. Ukimwambia nywele zitarudi, yeye husikia kwamba mama atapona. Hizo ni ahadi mbili, na mzazi ana haki ya kutoa moja tu. Nywele huweza kurudi kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujaisha; na aliye na upara huenda yuko katika njia nzuri ya kupona. Dada alilitenganisha hili vizuri kuliko mimi: “Nywele najua zitarudi. Ugonjwa, madaktari wanaupiga, nami nitawaambia kila wanaloniambia.” Ahadi ya kuambiwa aliweza kuitimiza.

Wanachama wenzangu, mtauliza haya yana uhusiano gani na chama cha Kiswahili. Nami nawauliza: fasihi yetu ilipokabiliwa na UKIMWI, ilinyamaza? Haikunyamaza. Riwaya, tamthilia, ngonjera na nyimbo ziliandikwa kwa wingi. Riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ya mwaka 2004, ni mfano mmoja tu. Ubora wa kazi hizo ulitofautiana, na nyingine zilikuwa hotuba zilizovishwa wahusika, lakini ziliwapa watu namna ya kusema. Kwa saratani bado tunasuasua, na kwa mtoto wa mgonjwa wa saratani sijaona kitabu cha Kiswahili ambacho ningeweza kumpelekea yule binti. Nilimtafutia. Nilichopata ni vijikaratasi vya hospitali vyenye istilahi nzito, vilivyotafsiriwa na mtu ambaye, nadhani, hakuwa na mtoto karibu.

Tunakaa katika makongamano tukijadili kama tuseme tibakemikali au kemotherapia. Mjadala huo una nafasi yake. Lakini istilahi yoyote tutakayoichagua haitamsaidia mama mkekani kama hatujaandika pia sentensi tano ambazo anaweza kuzisema bila kutetemeka. Pendekezo langu ni dogo: toleo lijalo la jarida hili litenge kurasa chache kwa hadithi za watoto kuhusu mzazi mgonjwa, na tulio wenyeji wa Tana River tuzitafsiri kwa Kipokomo na Kiorma, maana nyumba nyingi za kwetu hulia na kucheka kwa lugha hizo kabla ya Kiswahili. Karatasi chache zilizopigwa chapa zikaachwa kwenye benchi la zahanati hazitatugharimu zaidi ya tamasha moja la mwisho wa mwaka.

Dozi ya mwisho ya dada ilikuwa mapema mwaka 2024. Nywele zilianza kuonekana wakati wa mafuriko ya Aprili, laini kama za mtoto mchanga, na zenye mvi ambazo hazikuwepo. Binti alizipima kwa kidole kila Ijumaa. Zilipofika urefu wa pingili moja ya kidole, kitinda mimba, ambaye sasa alikuwa na miaka 5, alizipapasa akauliza kama sasa imekwisha. Mamake akamjibu, “Nywele zimerudi. Daktari bado anatazama.” Akasema haya, akatoka kwenda kucheza.